Mama Upendo wa Lulindi, Aliyetaka Kitabu Chake Kichafuliwe

Aliyelala mbele yetu leo ni Mwalimu Anjelina Chrispin Nambunga. Kwa miaka mingi aliitwa Mama Upendo, na kwa miaka kumi ya mwisho akaitwa Mwalimu Tuzo. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake Stefano, fundi baiskeli wa Chiwata. Stefano aliombwa aandike kwa kifupi, na wanaomfahamu wanajua kwamba kwa kifupi hawezi. Basi ndugu waombolezaji mtuvumilie kidogo, jua bado halijawa kali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Chiwata, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chrispin Nambunga na Bibi Dominika, wakulima wa korosho, muhogo na mbaazi. Watoto wawili waliomfuata walifariki wangali wachanga, akabaki yeye na Stefano, kitinda mimba. Msimu wa korosho ulipofika, wazazi walishinda shambani na Anjelina ndiye aliyekuwa mlezi. Silaha yake ya kumtuliza mdogo wake ilikuwa hadithi, na alikuwa na sharti moja tu: msikilizaji hakai ubavuni. Anakaa mbele yake, goti kwa goti. "Stefano, acha kutazama miguu yangu, nitazame usoni," alikuwa akisema. "Nikiona umeogopa nitampunguza fisi." Na kweli alimpunguza. Zipo hadithi zilizoanza na fisi watatu zikaisha bila fisi hata mmoja.

Alianza shule ya msingi ya misheni pale Chiwata mwaka 1959, akaendelea na shule ya kati ya wasichana, na mwaka 1970 akajiunga na chuo cha ualimu Mtwara. Alihitimu Novemba 1971. Katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alimkuta ameketi sakafuni katikati ya watoto wa darasa la kwanza, ubao umebaki peke yake ukutani. Mkufunzi akamwambia mwalimu husimama. Anjelina akajibu, "Samahani mkufunzi, nikisimama nawaona vichwa tu, macho siyaoni." Alipewa alama za wastani, na hakuwahi kulalamika kwa hilo. Ila hakuacha kukaa chini.

Tarehe 10 Januari 1972 aliajiriwa wilayani Newala, baadaye akahamishiwa Masasi, na kote huko alifundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu Machi 2011. Watoto wengi walimfikia wakiwa na Chimakonde au Emakhuwa ya nyumbani, Kiswahili hawajakishika. Yeye hakuwakaripia. Alichora kwanza, kuku au kinu au jembe, akangoja mtoto aseme kwa lugha ya mama yake, kisha naye akaleta neno la Kiswahili likae kando ya lile la kwanza. Vitabu vyenye picha vilikuwa haba miaka hiyo. Vilivyokuwepo vilionyesha watoto waliovaa kofia za sufu, wakicheza kwenye theluji. Aliwahi kuulizwa na mtoto wa Newala kama ule ni unga wa muhogo uliomwagika, akamjibu kwamba inaelekea ni huo.

Mwaka 1974 shule iliajiri mchoraji wa mabango kutoka Masasi mjini aje apake ramani ya Tanzania ukutani. Jina lake Gasper Mkwanda, kijana aliyekuwa akichora ng'ombe kwenye mabucha na vichwa vya watu kwenye saluni. Alipomaliza, Anjelina aliikagua ile ramani akaona Newala imekuwa kubwa kuliko Dodoma. Akamwambia. Gasper akarudi nyuma hatua chache, akaitazama kazi yake, akasema, "Mwalimu, inategemea mtu anakaa wapi." Walifunga ndoa takatifu katika Kanisa la Anglikana Lulindi tarehe 25 Oktoba 1975, wakajenga papa hapa. Ramani haikurekebishwa.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Upendo, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, na kila jioni aliketi kwenye kigoda chake barazani, mbele ya kigoda cha mama yake, wakasimuliana. Surua ilimchukua tarehe 17 Agosti 1982. Hawakujaliwa mwingine. Ila jina lilibaki. Sokoni, kanisani, kisimani, watu waliendelea kumwita Mama Upendo, na marehemu alimwambia mdogo wake kwamba ndiyo dawa pekee iliyomfaa, kwa kuwa kila aliyemwita alikuwa anamtaja mtoto. Kigoda kidogo hakikuondolewa barazani.

Baada ya kustaafu, yeye na Gasper walifanya kitu ambacho ukoo huu haukukielewa mwanzoni. Walikaa mezani mwaka mzima, mmoja anaandika, mwingine anachora, na wakigombana sauti zilifika hadi barabarani. Kilichotoka ni kitabu cha picha kiitwacho *Nani Kaokota?* Kinamhusu bibi anayetafuta korosho yake. Anamuuliza kuku, anamuuliza mbuzi, anamuuliza siafu, na kila ukurasa mtu mzima anasoma, "Nani kaokota?" na mtoto anajibu, "Si miye." Mwishoni inaonekana hakuna aliyeokota. Korosho ilikuwa bado juu mtini, inaning'inia chini ya bibo lake, haijaanguka. Ni kitabu kisichosomeka na mtu mmoja, maana anayeuliza anahitaji wa kumjibu. Alikiandika kwa ajili ya kigoda cha pili. Hakulificha hilo, aliyemuuliza alimwambia.

Kitabu kilichapishwa mwaka 2013, na hapo pakatokea jambo. Waliokipanga mtamboni hawakuwa watu wa huku. Walipoiona ile picha ya bibo lenye korosho chini yake, walidhani imewekwa miguu juu, wakaigeuza. Sasa korosho ikakaa juu ya bibo, na bibo likasimama ardhini. Gasper alipofungua katoni ya kwanza akasema, "Wamelipanda kama kabichi." Marehemu alilia kwa hasira. Mtoto yeyote wa Masasi anajua bibo linavyoning'inia, na yeye ndiye atakayeonekana hajui.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Septemba 2014, kitabu hicho kilipata tuzo ya kwanza ya vitabu vya picha vya watoto katika hafla iliyofanyika Dar es Salaam. Waamuzi walisifu mambo mengi, lakini zaidi waliusifu ukurasa ule wa bibo, kwa kuwa ulimfanya mtoto akigeuze kitabu kwa mikono yake mwenyewe. Walisema ni ubunifu wa hali ya juu. Marehemu aliinuka kidogo kitini aseme ukweli. Gasper akamvuta gauni, akamnong'oneza, "Tulia, Mama Upendo. Tupokee kwanza tuzo yao." Wakapokea.

Walirudi Lulindi wakapokewa kwa ngoma na vigelegele. Siku hiyo ndipo alipoitwa Mwalimu Tuzo kwa mara ya kwanza, naye akacheka pamoja na watu. Hakujua kwamba jina la Mama Upendo lilikuwa linapotea midomoni mwa watu taratibu, na kwamba hatalisikia tena kwa wengi wao.

Hapa msomaji wa wasifu huu anaomba radhi, kwa kuwa anayesemwa hakufanya ubaya. Alifanya heshima. Marehemu aligawa nakala za kitabu nyumba kwa nyumba, kila penye mtoto mdogo. Baada ya miezi kadhaa akapita kusalimia. Katika nyumba moja aliuliza, "Huyu mjukuu wangu kitabu anakionaje?" Mama mwenye nyumba, kwa furaha ya kweli kabisa, akakitoa kabatini, kimefungwa nailoni, kimekaa kando ya bilauri za harusi. "Hajakigusa, Mwalimu. Kipo kipya vilevile kama ulivyotupa." Marehemu akashukuru, akanywa maji, akaaga. Nyumba ya pili kilikuwa sandukuni chini ya vitenge. Ya tatu kilining'inizwa ukutani juu ya kalenda, na mwenyeji akamwonyesha kwa kidole jinsi panya wasivyoweza kukifikia. Aliporudi nyumbani alimwambia Gasper, "Wamekizika."

Shuleni nako wachapishaji walileta nakala arobaini. Shule hatuitaji, walimu wake wako hapa na wametusaidia sana msiba huu. Nakala ziliwekwa katika kabati la ofisini na kufuli juu yake, zikawa zinaonyeshwa wageni. Marehemu aliomba aje awasomee watoto. Alikubaliwa kwa moyo mkunjufu. Alipofika alikuta shule nzima mstarini juani, kiti cha plastiki kimevishwa maua, soda ipo, na kipaza sauti. Alitafuta pa kukaa chini, hapakuwepo. Basi akasoma akiwa amesimama, kupitia kipaza sauti, "Nani kaokota?" Ilikuwa Oktoba, na wiki hiyo korosho za shamba la shule zilikuwa zimeibwa. Watoto wakatazamana. Kisha shule nzima ikajibu kwa sauti moja, "Hatujaokota, Mwalimu." Mmoja wa darasa la pili akaanza kulia, akasema yeye alikuwa kwao anaumwa, shahidi ni bibi yake. Gasper alilicheka hilo hadi anakufa. Marehemu alicheka pia, lakini alipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda chake akakaa muda mrefu akikitazama kile cha mbele.

Gasper alifariki tarehe 3 Mei 2018. Tangu hapo nyumba ikawa na mtu mmoja. Kila jioni, kazi zikiisha, marehemu alipanga vigoda viwili barazani, kitabu akakiweka katikati. Watoto walipita barabarani wakitoka kisimani au dukani. Walisimama mbali, mikono nyuma, wakaamkia vizuri kama walivyofundwa. "Shikamoo, Mwalimu Tuzo." "Marahaba wajukuu zangu. Karibuni mkae." "Ahsante, Mwalimu. Tumetumwa." Kila siku walikuwa wametumwa. Nyuma ya miembe ya jirani alisikia akina mama wakiwaambia, "Usimsogelee Mwalimu na mikono hiyo, atatuonaje?" Msimu wa korosho ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa watu wote huhamia vibandani mashambani na hata wale wa kusema wametumwa hawakuwepo. Stefano alimtembelea kila alipopata nafasi. Alipoketi kwenye kigoda cha pili na kujibu "Si miye" kwa sauti yake ya kizee, dada yake alimpiga kofi mguuni akasema, "Wewe umeshakua, Stefano. Korosho umeokota wewe." Alikuwa mpweke, ndugu zangu. Tuseme hivyo hivyo. Aliheshimiwa na kila mtu na alikuwa mpweke.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Tarehe 21 Oktoba 2024 alilazwa Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, na katika mkoba wake, chini ya kanga, alikuwa na nakala ya kitabu iliyokuwa ya Gasper. Kitanda cha pili alilazwa Stamili, mama kijana kutoka Newala aliyefanyiwa upasuaji. Aliuguzwa na mama yake, Bi Hamida, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia mtoto, walikuja na binti wa Stamili wa miaka minne, Mwanasha. Watu hawa walitoka mbali. Hawakuwa wamesikia habari za tuzo yoyote.

Siku ya tatu Mwanasha alikuwa anakula ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kwa chumvi na pilipili. Akaona kona ya kitabu inachungulia mkobani, akakivuta. Bi Hamida akaruka. "Mwanasha, rudisha kitabu cha watu. Mama, utusamehe, huyu mtoto hana adabu, tazama na mikono yenyewe."

"Mwache," marehemu akasema. Stefano alikuwepo, ameleta uji, na anasema hajawahi kumwona dada yake akiinuka kitandani kwa haraka namna ile. "Mwache hivyo hivyo. Asinawe. Njoo ukae hapa mbele yangu, mwanangu."

Mwanasha akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, vitanda vile viko karibu, wakawa goti kwa goti. Akauliza, "Wewe unaitwa nani?"

"Mama Upendo."

"Upendo yuko wapi?"

"Alinitangulia. Namfuata taratibu, miguu imevimba."

Jibu hilo lilimtosha mtoto. Wakasoma. Marehemu alikishika kitabu upande wake, Mwanasha akakitazama kutoka upande wa pili, na kila alipoulizwa "Nani kaokota?" alijibu "Si miye" kwa uhakika wa mtu asiye na hatia, mdomo umejaa. Walipofika ukurasa wa bibo, marehemu aliingiza mkono akigeuze, kama alivyofanya miaka kumi na moja kila alipoufikia. Mtoto akamzuia kwa vidole vyake vya pilipili.

"Usigeuze. Kwako limepinduka. Kwangu liko sawa."

Marehemu akatazama. Ilikuwa kweli. Kwa aliyekaa mbele, bibo lilikuwa linaning'inia mtini na korosho yake chini, kama Gasper alivyolichora. Ukurasa ule ulikuwa sawa siku zote, ila kwa mtu wa kigoda cha pili. Hakuwahi kukaa mtoto pale amwambie. Stefano anasema dada yake alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza, na alipomaliza kucheka akalia, na Mwanasha akangoja amalize ili waanze upya ukurasa wa kwanza.

Walianza upya siku hiyo, na siku zote zilizofuata. Jalada likachanika. Siafu wakapata madoa ya uji. Kona ya mbuzi ilitafunwa na mtu ambaye, alipoulizwa, alisema si miye. Stamili aliona haya, akaahidi kukibandika kwa gundi. Marehemu akamwambia, "Mama Mwanasha, acha. Hiki ndicho kitabu. Vile vingine bado ni karatasi."

Tarehe 16 Novemba Stamili aliruhusiwa kurudi Newala. Mwanasha alikikumbatia kitabu mlangoni na hakuna aliyejaribu kumnyang'anya. Walipoondoka, kitanda cha mbele kilitandikwa shuka safi. Stefano aliogopa kwamba upweke utamrudia dada yake. Jioni hiyo alimkuta ametazama lile shuka. Akamuuliza kama amehuzunika. "Nimehuzunika sana," akasema. "Lakini kitabu kipo Newala, Stefano. Kinachafuka huko." Alilisema hilo kama mtu anayemwelezea mwanawe aliyepata kazi. Hayo ndiyo mazungumzo yao marefu ya mwisho. Mwalimu Anjelina alifariki dunia kwa amani alfajiri ya tarehe 19 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 73.

Jana Bi Hamida alipiga simu kutoka Newala kutoa pole. Alisema mjukuu wake amewasomea watoto wa jirani, ingawa kusoma hajui, na kwamba anawakalisha mbele yake na kuwatisha wasikigeuze. Alisema pia kwamba kwao huko marehemu anajulikana kwa jina moja tu, Mama Upendo, na hawakujua kama ana jingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani, na wote walioacha korosho zao chini ya mikorosho wakaja kumsindikiza. Kwenye ukurasa wa nyuma wa ratiba mliyoshika mtaona picha ya bibo. Vijana wa stesheneri pale Masasi walituuliza kama tumekosea, wakataka kuirekebisha. Tuliwakataza. Usiigeuze karatasi. Mwonyeshe aliyekaa mbele yako.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, Stefano; wifi, Anjelina Sophia, wajina wake; wapwa na wajukuu wa ukoo wa Nambunga na wa Mkwanda; vigoda viwili; na vitabu arobaini vipya kabisa ambavyo havijaguswa na mtoto yeyote. Mwalimu mkuu ameleta ufunguo wa kabati leo asubuhi mwenyewe, bila kuombwa mara ya pili, na tunamshukuru. Vitabu vimetandazwa kwenye mkeka pale kando ya jiko la msiba, tangu asubuhi. Watoto wamesimama pembeni, mikono nyuma, wanavitazama. Wanawangoja nyinyi wazazi wao mseme neno. Waambieni waende, wakae wawili wawili.

Apumzike kwa amani Mama Upendo, na leo mtoto yeyote asinawe mikono.